Sijaolewa, Alisema Helmeti

Kila siku, saa saba na nusu mchana, kabla watu hawajaanza kuingia, nilipita kwenye ukuta wa bati nikiziba matundu ya misumari. Nilichana vipande vya karatasi kutoka kwenye daftari langu la chuo kikuu, nikavitafuna vilainike, nikavisukuma kwa kidole. Upande wa pili wa bati kulikuwa na mtu. Sikujua ni nani. Nilisikia pumzi, na mara nyingine kitu kikikwaruza chini, karibu na kiti changu, kama ukucha. Kesho yake karatasi zilikuwa zimesukumwa kutoka nje, zimeangukia ndani kwenye vumbi, nami nikaanza upya.

Lilikuwa banda la video, Kakuma, upande wa kambi ya wakimbizi. Watazamaji walikaa kwenye mabenchi wakitazama runinga kubwa. Mimi nilikaa pembeni nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye waya, na runinga yangu ndogo na maiki, nikisema kwa Kiswahili yale waliyoyasema watu wa kwenye picha kwa Kiingereza. Kazi hiyo huitwa udijei. Dijei ndiye anayekuwa kila mtu: staringi, adui, askari, mtoto anayelia, mbwa ikibidi. Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi, Wasomali na Waturkana wa mjini wote walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja amekifikia kwa njia yake na kukivunja kwa namna yake.

Mimi ni mwanamke. Mwenye banda alijua. Kwenye mabenchi hakuna aliyejua, na hakuna aliyetakiwa kujua.

Sauti yangu ni nzito tangu utotoni. Kwenye kwaya ya kanisa, Lodwar, walinipanga na wavulana, nikaimba nao mpaka nilipomaliza shule. Kisha nikaenda Kenya, kama watu wa kwetu wanavyosema mtu akivuka kwenda kusini, utadhani Turkana ni nchi nyingine. Huko nilisoma isimu ya Kiswahili. Niliporudi mwaka 2012 kila mtu Lodwar alikuwa akizungumzia mafuta yaliyopatikana, na hakuna aliyekuwa akitafuta mtu wa isimu. Nilipata kazi ya miezi miwili Kakuma, kuwatafsiria watu waliokuwa wakiwahoji wakimbizi. Ilipoisha nikaona haya kurudi nyumbani. Mwenye banda, Mkongo wa makamo mwenye tumbo na sauti ya upole, alikuwa amenisikia nikifanya kazi hiyo. Dijei wake alikuwa ameondoka. Aliichanganya hadithi ya filamu moja, vijana wa mbele wakararua pazia, na asubuhi yake akapanda lori la kwenda Lokichoggio akiwa hana jino moja.

"Dada, sikia muzuri," mwenye banda aliniambia siku ya kwanza. "Huku batu banakuya kusikia mwanaume. Weye utaingia mbele yabo, utatoka nyuma yabo. Katikati hapo, weye ni sauti tu."

"Na wakijua?"

Akatazama paa la nailoni, akatazama mabenchi. "Basijue," akasema.

Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu. Nilimuuliza mchungaji wetu kwa nini malaika wote kwenye picha za Jumapili ni wazungu, nikaambiwa nina kiburi. Lakini hilo la mwenye banda sikuliuliza tena, kwa sababu wiki ya tatu nilipata jibu.

Msichana wa sekondari, Msudani Kusini, aliingia na rafiki yake wakakaa benchi la mwisho. Sikuwaona, nilisikia mabenchi yakigeuka.

"Sista, kanisa ni ile pande nyingine."

"Wacha! Demu wa staringi amejileta mwenyewe."

"Basi tusaidieni kupiga nduru. Si ndiyo kazi yenu?"

Aliyesema hilo la mwisho alikuwa kiongozi wa benchi la mbele. Sura yake sikuwa nimeiona kamwe. Nilimjua kwa kikohozi chake kikavu, kilichotangulia kila neno. Wakati huohuo, kwenye runinga yangu, mwanamke aliyefungwa juu ya mnara alifungua mdomo. Ilikuwa zamu yangu. Madijei wote wana sauti moja ya wanawake, nyembamba, ya puani, inayopanda mwishoni kama swali. Mimi niliita kisauti. Niliweka maiki mdomoni nikapiga nduru kwa kisauti, na mabenchi yakacheka mpaka bati likatetema.

Wasichana wale walitoka kabla ya mwisho. Vijana wanne wakainuka wakawafuata. Hawakuwagusa, mwenye banda aliniambia baadaye, kana kwamba hiyo ndiyo habari njema. Waliwafuata tu bila neno, mpaka kwenye bomba la maji, wakawangoja wateke, wakawafuata mpaka mlangoni. Kesho yake wakawangoja tena. Yule msichana wa sekondari, niliyezoea kumwona sokoni, sikumwona huko kwa muda mrefu.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, na ilikuwa na njia yake maalumu. Nilipanga chumba mjini Kakuma, ng'ambo ya laga, na kila jioni ilibidi nivuke ule mto mkavu wenye mchanga mpana, mahali ambapo mtu akikufuata humsikii. Nilikuwa mwanamke aliyeketi kila siku hatua tano kutoka kwa watu hao, akijifanya mwanaume anayejifanya mwanamke. Mwanamke aliyekaa tu benchi la mwisho walimfanyia vile. Aliyewadanganya kwa miezi wangemfanyia nini?

Filamu zilizojaza banda zilikuwa zile za mashujaa wa katuni, wanaoruka na kuvaa vinyago. Mwenye banda alikuwa na sanduku la diski zake, za zamani na mpya zimechanganyika, na kwa kuwa kila filamu niliitazama kwanza peke yangu asubuhi, nilianza kuona jambo. Katika zile za zamani mwanamke alikuwa mzigo. Alibebwa, akadondoshwa, akadakwa. Kisha zikaja za katikati: amepewa ngumi, lakini pamoja nazo amepewa nguo ambayo mtu hawezi kuinama nayo. Kamera ilianzia kwenye viatu, ikapanda taratibu, ikasimama hapa na pale, ikafika usoni mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka kusalimia akiwa tayari mlangoni. Alipiga maadui wengi, halafu staringi akaja kummalizia kazi. Katika zile mpya, zilizokuwa zikifika mwaka ule kutoka Lodwar kwenye mifuko ya plastiki, kamera ilianza na uso. Mwanamke alitoka jasho. Alichoka. Alikuwa na jambo lake mwenyewe ambalo halikuwa mapenzi.

Niliandika kwenye daftari neno la kwanza la mwanamke katika kila filamu. Katika za zamani lilikuwa jina la mwanaume, au "nisaidie". Katika moja ya zile mpya lilikuwa "sogea".

Sikuamini upesi. Labda kuna mtu ofisini, nchi ya mbali, aliona tu kwamba wasichana nao huingia sinema. Labda mwanamke yuko palepale, aliyehama ni mshika kamera. Nilijiuliza hayo asubuhi, peke yangu, nikijiona mwerevu. Ilipofika saa nane mabenchi yalijaa, nami nikawapa wanawake wote, wa zamani na wapya, kisauti kilekile. Yule aliyesema "sogea" nilimfanya aseme kama anayeomba peremende. Nilijua ninachofanya. Nilifanya kwa sababu niliogopa.

Mwanzoni mwa 2013 ikaja filamu ya Helmeti. Ilikuwa na jina lake, lakini Kakuma iliitwa hivyo tu. Nakala yetu ilirekodiwa ndani ya sinema, vichwa vya watu vikipita mbele. Mpiganaji wa pikipiki, amevaa helmeti nyeusi asiyoivua, anawaandama watu waliofunga maji ya mji. Sauti yake inapitia kwenye mashine, nzito, haina mwenyewe. Kila mtu kwenye picha anadhani ni mwanaume. Karibu na mwisho anaivua helmeti, na ni mwanamke.

Kwa Kiingereza walimtaja kama mwanaume kila mara. Mimi sikuhitaji kudanganya. Kiswahili kina ile *a* moja, na ndani yake mtu yeyote anaweza kujificha. Anakuja. Anapiga. Amewaponyoka. Nilipenda jambo hilo kuliko nilivyoipenda filamu yenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa ndani ya *a* hiyo kwa miezi: dijei anajua, dijei amechelewa, dijei leo anaumwa. Na kwa kuwa Helmeti alikuwa na sauti nzito isiyo na mwenyewe, nilimpa yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwenye maiki ile bila kubadilisha chochote.

Lakini kuna neno moja la kila siku ambalo Kiswahili kinakataa kuficha. Mwanaume anaoa. Mwanamke anaolewa. Hata kwenye usingizi mtu aliyelelewa na lugha hii hachanganyi.

Helmeti amejeruhiwa mkono. Amejificha kwa mzee fundi wa pikipiki, na mzee anamshona jeraha akimpigisha soga ili asisikie maumivu.

"Umeoa, kijana?" nikasema kwa sauti ya mzee.

"Sijaolewa," akasema Helmeti.

Nilisikia neno likitoka kwenye spika kabla sijalisikia kichwani. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara mbili asubuhi. Nilijua aliye ndani ya helmeti ni nani, na mdomo wangu nao ulijua. Jenereta peke yake ndiyo iliendelea kuzungumza.

"Ati?"

"Amesema nini?"

"Ati sijaolewa!"

"Dijei, wewe! Helmeti ataolewa na nani, na pikipiki?"

Kisha kikohozi kikavu. "Wacheni huyo. Si ni Mturkana? Kiswahili imemshinda. Kwao hata mbuzi dume inaolewa."

Wakacheka wote, hata Waturkana waliokuwamo. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye maiki. Miaka minne ya isimu, nimeandika tasnifu kuhusu vitenzi, na sasa wokovu wangu ulikuwa kwamba watu wa kwetu tunasifika kwa Kiswahili kibovu.

"Poleni, wazee," nikasema. "Sijaoa."

"Aah, hapana! Wacha ibaki hiyo ingine!"

Ikabaki. Filamu ikaendelea, na Helmeti alipoivua ile helmeti nikarudi haraka kwenye kisauti, chembamba kuliko siku zote, ili kuziba lile tundu. Mwanamke yule alikuwa amesimama mbele ya mtambo wa maji, damu mkononi, akiwaambia wafungue. Kwenye kisauti ilisikika kama anaomba lifti. Walicheka tena. Nilibaki nyuma ya blanketi mpaka banda lilipokuwa tupu, kisha nikakaa nusu saa nyingine.

Nilidhani yameisha. Wiki haikupita kabla sijalisikia neno lile nje. Kijana aliyekuwa akichaji simu za watu aliitwa na mwenzake aende kumsaidia kubeba kitu. "Sijaolewa!" akajibu, na wote wawili wakacheka. Nilisimama pale na simu yangu mkononi, nisiweze kusogea. Siku mbili baadaye nililisikia kwa wapakiaji wa lori, kisha kwa watoto kwenye mpira. Liligeuka kuwa msemo. Maana yake ilikuwa: sina bwana, hakuna wa kunituma. Ukitaka kujua, ndiyo maana yake halisi, lakini hawakuwa wakiwaza hivyo.

Shida ni kwamba sikuweza kujua ni nani analisema kwa utani na ni nani ananisemea mimi. Nilikuwa nikivuka laga jioni na nyuma yangu sauti ikaita, "Sijaolewaaa!" Nisigeuke. Nikigeuka nimekiri. Nihesabu hatua, nisikimbie, nifike upande wa pili, nifunge mlango kwa komeo na ndoo ya maji mbele yake, kana kwamba ndoo ingemzuia mtu.

Mwezi wa tatu nilikwenda nyumbani siku tatu. Gari lilisafiri na askari mbele, kama kawaida ya barabara ile, na kwa mara ya kwanza watu wenye bunduki porini walinitisha kidogo kuliko watu niliowaacha. Tulishuka Lodwar saa sita. Mwendesha bodaboda alikuwa akigombana na askari wa mji kuhusu mahali alipoegesha.

"Nani amekuambia usimame hapa?"

"Sijaolewa, afande!"

Mkoba ulinidondoka. Neno lilikuwa limenitangulia kilomita zote zile.

Mama mdogo alikaa Nawoitorong, karibu na mji, nyumba ya makuti iliyopigwa lipu ya udongo. "Ejok?" akanijulia hali kutoka ndani, kabla sijaonekana, kwa kunijua mwendo. "Ejok-noi," nikajibu. Alinipa chai ya maziwa akanikalia mbele. Nyumbani walijua nafanya kazi ofisini.

"Kazi gani hasa?" aliuliza kwa Kiturkana.

"Ya kutafsiri."

"Unawatafsiria kina nani?"

"Wageni."

Akanitazama vidole. Nilikuwa nimezitafuna kucha mpaka nyama. Baadaye, akichambua mboga, akauliza, "Vijana wa hapa wana neno lao sasa, *sijaolewa, sijaolewa*. Wavulana wazima! Wewe uliyesoma Kiswahili, hilo ni neno gani?"

"Sijui, mama mdogo."

"Basi kama wavulana wanalilia kuolewa," akasema, "na wewe je, lini?"

Nilicheka kwa nguvu kupita kiasi, akaacha kuchambua akanitazama tena.

Niliporudi Kakuma, nilimkuta mwanaume mwenye baiskeli. Alikuwa wa miaka arobaini na kitu, mrefu, kofia ya pama imefifia. Alikuwa mteja wa benchi la mbele. Nilimjua kwa sababu alikuwa akibaki amesimama nje hata filamu ikiisha na wenzake kuondoka. Siku ya kwanza aliegesha baiskeli karibu na mlango wangu wa nyuma. Siku ya pili palepale. Siku ya tatu nilimwambia mwenye banda.

"Ule ni fundi ya baiskeli, Murundi," akasema. "Hana maneno."

"Ndiyo maana naogopa."

"Unatakaka niite dijei mwingine?"

Jioni ile nilingoja zaidi ya kawaida. Nilipotoka, baiskeli haikuwapo. Nikashuka kwenye laga, jua bado lipo, mchanga bado unachoma. Nilipofika katikati nikasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yangu, ukilia *tik, tik, tik*, baiskeli ikisukumwa kwa mkono. Sikugeuka. Nikaongeza mwendo, mnyororo nao ukaongeza.

"Samahani, dada."

Dada. Nilisimama, nikageuka.

Alisimama mbali, hatua nyingi, akaiweka baiskeli kati yetu makusudi. "Usiogope," akasema. "Nimekaa kambi za Kigoma, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuja huku. Watoto wangu wamezaliwa ndani ya Kiswahili. Wenzangu siku ile walidhani umekosea. Nami nilidhani umekosea, mpaka alipoivua helmeti. Hapo nikajua kwamba dijei hakukosea. Alikuwa anajua."

"Mtu anaweza kubahatisha," nikasema. Sauti yangu ilisikika kama ya mtu mwingine.

"Anaweza. Lakini kuna ile sauti unayowapa wanawake." Akakuna shingo, kama anayeona aibu kwa niaba yangu. "Dijei aliyeondoka alikuwa akiigiza mwanamke vizuri. Wewe unaigiza kama mtu anayemchukia. Nikasema, huyu hamwigizi mwanamke. Anamwigiza dijei wa kiume."

Nilimuuliza amemwambia nani.

"Sijamwambia mtu. Ila kuna binti yangu, wa miaka kumi na mbili. Ndiye aliyenituma." Akaonyesha kwa kidevu kule tulikotoka. "Yeye na wenzake husikilizia pale nyuma ya bati, upande wako. Ndani hawawezi kuingia, unajua. Mtu mmoja anawazibia matundu kwa karatasi, wanazisukuma kwa kijiti."

Walikuwa watoto. Miezi yote ile.

"Wao hawaoni picha," akaendelea. "Wanasikia tu. Sasa wana swali, na wamegombana juu yake. Helmeti anazungumza vizuri mpaka karibu na mwisho. Halafu ghafla hazungumzi tena, anakuja demu fulani wa kupiga kelele. Binti yangu anasema Helmeti amekufa. Wenzake wanasema staringi hafi. Anataka nikuulize: Helmeti alikufa wapi?"

Alingoja. Kisha akanitakia jioni njema, akaigeuza baiskeli yake. Nilikaa kwenye mchanga. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya mshika kamera na mtu wa ofisini nchi ya mbali. Kwa wasichana wale hapakuwa na kamera. Palikuwa na mimi, na mimi ndiye niliyemuua.

Usiku sikulala, na si kwa sababu ya majuto peke yake. Nilijua nikitakacho, na nilijua nikikifanya benchi la mbele litaelewa. Ningeweza kuondoka tu, kama aliyenitangulia. Kesho yake, Jumamosi, Helmeti angerudi kwa ombi la watazamaji, na lori la Lodwar lingeondoka siku hiyohiyo asubuhi. Nilifunga nguo zangu kwenye mkoba. Asubuhi nikausikia mlio wa lori likipasha injini, nikausikiliza mpaka ukaisha.

Saa saba na nusu nilipita kwenye ukuta wa bati nikiyatoa makaratasi. Miale myembamba ya jua ikaingia, ikaangukia miguu yangu na waya wa maiki. Baada ya muda, mmoja ukazimika, halafu mwingine, kadiri vichwa vilivyosogea kule nje. Pumzi ilikuwa ileile. Bado ilinisisimua ngozi.

Banda lilijaa. Mzee fundi alipouliza, "Umeoa, kijana?" sikuhitaji kusema. Banda zima lilijibu, "Sijaolewaaa!" na miguu ikapiga chini mpaka vumbi likapita chini ya blanketi. Mimi nilikuwa nawaza dakika zilizobaki. Niliishika maiki kwa mikono miwili.

Helmeti akafika kwenye mtambo wa maji. Akainua mikono, akaivua. Nywele zimelowa jasho, uso wa mtu aliyechoka. Mabenchi yalikuwa tayari kucheka. Nilisikia mtu akianza mapema.

"Fungueni maji," nikasema. Kwa sauti ileile. Nzito, yangu, iliyokuwa ikisema tangu mwanzo wa filamu. "Sitarudia. Fungueni."

Aliyeanza kucheka akaacha. Kwenye picha adui alisema kitu, nikakisema, Helmeti akajibu, nikajibu. Hakuna aliyepiga mluzi. Maji yakafunguliwa, watu wa mji wakakimbia na ndoo, majina ya waigizaji yakaanza kupanda, na mwenye banda, sijui kwa hofu au kwa mazoea, akazima jenereta.

Kanuni ilikuwa nikae mpaka waondoke. Nilisikia mabenchi yakilia yanapoachiliwa, lakini sikusikia mtu akitoka.

Kikohozi kikavu. "Dijei."

Nililifunga daftari langu.

"Dijei, kwani wewe umeoa?"

Silabi nne zingeniokoa. *Sijaoa.* Wangetoka, wangeenda kunywa chai, ningeingia Jumatatu kama kawaida. Nyuma ya bati pumzi zilikuwa zimesimama.

"Sijaolewa," nikasema, bila maiki.

Kuna aliyecheka, mmoja, akajikatiza. Kisha blanketi likasogezwa. Nilikiona kwanza kijiti kilicholisogeza, halafu mkono, halafu uso wa yule mwenye kikohozi. Alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyomfikiria kwa miezi tisa, kidevu hakina hata ndevu. Nyuma yake walisimama wengine wengi, wananitazama, mimi na daftari langu na viatu vyangu. Mwanaume wa baiskeli alikuwa kati yao, kofia mkononi. Mwenye banda alikuwa mlangoni akisema, "Batoto, batoto, polepole," na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Yule kijana alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake. Nilikuwa nimezoea kumsoma kwa masikio.

"Kumbe Kiswahili haikukushinda," akasema.

Mpaka leo sijui alilisema kwa namna gani. Niliokota mkoba wangu. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua mbili, lakini kufika hapo ningewapa mgongo, kwa hiyo nilikwenda mbele, kati ya mabenchi, nikitazama chini. Njia ilikuwa imejaa miguu, ya viatu, ya malapa, ya mipira ya tairi. Nilifika kwenye ya kwanza nikasimama, kwa sababu haikusogea. Nikasema, polepole, lile neno nililoliandika kwenye daftari.

"Sogea."

Mguu mmoja ukarudishwa nyuma. Kisha wa pili.